Kufundisha Maana ya Jibu la "Hapana" Maabarani

Tunapofundisha mbinu ya kurudufu DNA, iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, hatuna budi kuanzia kwenye jambo linaloonekana. Wanafunzi na waweke mezani punje moja ya mahindi, kisha waizidishe maradufu: 2, 4, 8. Baada ya mara 10 watapata 1,024. Kwa hesabu, mara 30 ni zaidi ya bilioni moja. Ndivyo kipande cha DNA ya kijidudu kinavyoongezeka hata kikatambulika.

Hapo tuwaulize: kisipoonekana kitu, je, mgonjwa hana kijidudu? Wengi watajibu ndiyo. Tusiwakemee, tuwaeleze kwamba hemoglobini ya damu yaweza kukizuia kimeng'enya kisifanye kazi. Kwa hiyo mtaalamu hutia katika kila sampuli DNA nyingine anayoijua, iwe shahidi. Shahidi akionekana na kijidudu kisionekane, "hapana" yaaminika. Visipoonekana vyote viwili, hakuna jibu, kipimo kirudiwe.

Mwanafunzi asiyeyatofautisha hayo mawili aweza kesho kumrudisha nyumbani mgonjwa wa kifua kikuu bila dawa.