Kuweka upepo kwenye shokapu ya baiskeli ya kuegemea

Kama umepewa baiskeli ya kuegemea, kumbuka kuwa juu yake huwezi kusimama kwenye pedali ukikuta shimo. Kishindo chote hupokewa na shokapu ya nyuma, au na mgongo wako. Yangu iliniumiza wiki nzima: ilikuwa bado na upepo wa mwenyewe wa kwanza, mtu mzito kuliko mimi.

1. Tumia pampu ya shokapu yenye geji, si ya tairi wala ya kituo cha mafuta.

2. Sogeza kipete cha mpira kwenye nguzo ya shokapu mpaka kiguse mwili wake.

3. Weka mzigo wako wa kila siku. Mwenzako ashike baiskeli. Keti taratibu, kisha shuka bila kudunda.

4. Pima kipete kimesogea kiasi gani. Anza na robo ya mwendo wa shokapu: kama ni milimita 40, kisogee 10. Kikizidi, ongeza upepo, kikipungukiwa, punguza.

Usivuke kiwango cha juu cha mtengenezaji. Ukifungua pampu utasikia "fsss": ni upepo wa mpira wa pampu, usiogope.