Matangazo ndani ya gemu za simu: mzazi afanye nini

Kabla hujampa mtoto gemu mpya ya simu, icheze mwenyewe kwa robo saa, na ucheze vibaya makusudi. Gemu nyingi za bure hupanga matangazo pale mchezaji anapoanguka, anapoishiwa nguvu au anapomaliza hatua, kwa kuwa ndipo hamu ya kuendelea inapokuwa kali. Katika Subway Surfers mkimbiaji akigonga treni anaweza kupewa nafasi ya kuendelea kwa kutazama video fupi. Mtoto haoni kuwa anauziwa kitu. Anaona amesaidiwa.

Aina hii ya tangazo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu inakuja kama zawadi. Mwenye gemu hupata pesa video ikitazamwa hadi mwisho, na mtangazaji naye anatafuta mtu atakayebonyeza na kupakua anachokitangaza. Ndiyo maana mara nyingi kinachotangazwa ni gemu nyingine, na alama ya kufunga huwa ndogo, imewekwa pembeni, au inachelewa kutokea. Kaa na mtoto, subirini tangazo lije, mwonyeshe alama hiyo kwa kidole. Kisha muulize: huyu anayekupa sarafu anataka ufanye nini? Mtoto wa darasa la pili analijibu swali hilo vizuri, na akishalijibu mara kadhaa ataanza kujiuliza mwenyewe. Mkiona tangazo la kubeti, piga picha ya kioo, liripoti kwa alama iliyo kwenye tangazo lenyewe kama ipo, na uiondoe gemu hiyo siku hiyohiyo. Gemu inayomwekea mtoto kamari mbele haistahili kupewa nafasi ya pili.

Usiamini pia kile tangazo linachoonyesha kuhusu gemu yenyewe. Mwaka 2020 ASA, chombo kinachosimamia matangazo Uingereza, kilizuia matangazo mawili ya Homescapes na Gardenscapes, gemu za kampuni ya Playrix. Yalionyesha mafumbo ya kuchomoa pini, ilhali sehemu kubwa ya gemu hizo ni kupanga vitu vinavyofanana vitatu vitatu. Kwa hiyo kabla ya kupakua, soma maoni ya waliotoa nyota moja au mbili. Wao ndio husema matangazo ni mengi kiasi gani. Tafuta pia video ya mtu wa kawaida akiicheza. Na kwenye ukurasa wa gemu katika Play Store, karibu na jina, utaona imeandikwa kama ina matangazo na kama inauza vitu ndani yake. Wengi tunabonyeza kupakua bila kupasoma hapo.

Kuna matangazo yaliyo wazi zaidi. Mwaka 1996 nafaka za kifungua kinywa za Chex, kule Marekani, ziliuzwa na diski ya gemu ya Chex Quest ndani ya boksi. Mwaka 2008 kampeni ya Barack Obama ilinunua mabango ndani ya gemu za Xbox, ikiwemo Burnout Paradise, yakawafikia wachezaji wa majimbo yenye ushindani mkali. Kwangu hayo yana nafuu: jina liko mbele yako, na hakuna anayekutaka utazame ndipo uendelee kucheza.

Sasa shika simu yako. Ikiwa gemu inachezeka bila intaneti, zima data kabla ya kumpa mtoto. Matangazo mengi yatakoma, na bando lako litapona, maana video hizo hulila kimyakimya. Kwenye Android, ingia kwenye mipangilio ya Google, sehemu ya matangazo, ufute kitambulisho cha matangazo. Kwenye iPhone, gemu ikiomba ruhusa ya kufuatilia unachofanya kwenye programu nyingine, kataa. Matangazo hayataisha kwa hatua hizo mbili. Watangazaji watakosa tu njia moja kubwa ya kukufuata.

Ununuzi ufunge kabisa. Ndani ya Play Store, gusa picha ya akaunti yako, ingia kwenye mipangilio, uweke uthibitisho kwa kila ununuzi. Kwa mtoto mwenye simu yake, Family Link ya Google inakuwezesha kuidhinisha kila anachotaka kupakua. Usimtegemee mwenye gemu akulindie pesa. Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 baada ya hatua za Tume ya Biashara ya Marekani, FTC. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja, kwa kuwa vitufe vilipangwa kwa namna iliyowafanya wachezaji wanunue bila kukusudia.

Na pesa ikiwa imeshakwenda, usianze na kugombeza. Fungua barua pepe, tafuta risiti ya Google Play yenye namba ya oda, uombe kurudishiwa ndani ya saa 48. Baada ya hapo utalazimika kumfuata mwenye gemu mwenyewe, na huko majibu hutegemea utaratibu wa kampuni husika.