SOMO: KUPIMA MAPATO NA AKIBA KWA HESABU ZA KODI

Watumishi wa Serikali na wakaazi kwa jumla wanafahamishwa kwamba hesabu za kodi ni hazina ya elimu juu ya maisha ya watu, lakini ni hazina yenye makufuli. Mara nyingi afisa hutakiwa kuandaa jedwali la kulinganisha mapato ya wilaya na wilaya. Huchukua makusanyo ya kodi, huyagawa kwa idadi ya watu, na papo hapo hutangaza tajiri na maskini. Fedha za maendeleo zikifuata jedwali hilo, wapo watakaodhulumiwa.

Kwa kuwa kodi ya mapato ni jambo la Muungano, tutazame mfano wa Bara: Masasi na Newala, Mkoa wa Mtwara. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, ikilitazama bonde la Mto Ruvuma. Masasi iko magharibi yake, chini, penye milima ya mawe na njia panda ya biashara. Kote kuwili zao la fedha ni korosho.

Sasa tuulize: ni nani anayejaza ritani ya kodi? Ni mfanyabiashara na kampuni. Mwalimu hukatwa kodi na mwajiri wake kila mwezi. Asipokuwa na pato jingine, hana ritani ya kujaza. Mkulima mwenye mikorosho michache aghalabu hayumo kabisa. Kampuni inayonunua korosho mnadani huenda imeandikishwa Dar es Salaam, na kodi yake ikahesabiwa huko. Hivyo basi, ritani za Masasi zikizidi za Newala, tulichokipima ni wingi wa maduka. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inalinda siri ya mlipaji. Mtafiti hupewa jumla tu, si hesabu za mtu mmoja mmoja.

Kipimo kilicho karibu zaidi na mkulima ni ushuru wa mazao unaokusanywa na halmashauri. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Asiyekumbuka badiliko hilo atadhani mapato yalianguka mwaka ule. Tuchukue hesabu ya mfano tu. Wilaya ya kwanza imekusanya shilingi milioni 60. Kwa asilimia 3, mauzo yalikuwa milioni 2,000. Wauzaji wakiwa 4,000, wastani ni shilingi 500,000. Wilaya ya pili imekusanya milioni 30, yaani mauzo ya milioni 1,000. Wauzaji 1,250, wastani shilingi 800,000. Yenye ushuru mdogo ndiyo yenye wastani mkubwa! Na hayo ni mauzo, si mapato halisi: salfa, vibarua na magunia havijatolewa.

Tangu msimu wa 2007/08, mfumo wa stakabadhi ghalani umetuachia kumbukumbu za kilo kwa kila muuzaji katika vyama vya msingi, chini ya MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala. Lakini jina la muuzaji si lazima liwe la mkulima. Ipo kangomba: mwenye dhiki huuza korosho zake kwa bei ya chini kabla ya msimu, na mnunuzi huzipeleka ghalani kwa jina lake. Daftari humwonyesha tajiri mmoja badala ya kaya kumi zenye deni.

Akiba ni ngumu zaidi. Riba ya benki hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 na benki yenyewe, na aliyeweka fedha hana ritani ya kujaza kwa hiyo. Isitoshe, Newala maji ni ya shida. Fedha ya korosho hugeuka bati za paa na tangi la kuvunia mvua. Hiyo ni akiba, tena yenye faida kila masika, na haimo katika fomu yoyote ya kodi.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliwauliza watu nyumbani mwao, lakini matokeo yake yaliishia ngazi ya mkoa. Masasi na Newala zimo katika tarakimu moja.

Hapa Visiwani jambo ni hilo hilo. Mkulima wa karafuu wa Pemba analipwa na Shirika la ZSTC wala hajazi ritani, ilhali hoteli za Unguja zinajaza. Maafisa mipango wanaombwa waandike juu ya kila jedwali: ni kodi ipi, ya mwaka upi, kwa kiwango gani, na ni nani hakuhesabiwa.