Presha Haipigi Hodi: Mazoezi Bila Jimu, Mlo Bila Majuto

Shinikizo la damu laweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, kisha likaleta kiharusi. Kujikinga hakuhitaji jimu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Shuka kwenye matatu steji moja mapema, umalizie safari kwa mwendo wa haraka. Kulima pia kunahesabiwa.

Ukila kibandani, omba sukuma wiki na maharagwe zaidi, ugali kiasi. Maji badala ya soda. Onja kabla ya kuongeza chumvi: ya siku nzima isifike kijiko cha chai.

Mhudumu wa afya ya jamii akikutembelea nyumbani, mwombe akupime presha.