Goti la mchezaji chipukizi

Swali: Mwanangu ana miaka 13 na huchezea timu ya mtaa hapa Rhonda. Goti linamuuma akikimbia, na chini yake kumetokea kinundu. Je, aache mpira?
*Mama Mchezaji, Nakuru*

Jibu: Mama, si lazima aache kabisa. Dalili hizi zinafanana na ugonjwa wa Osgood-Schlatter, ulioelezwa na madaktari wawili mwaka 1903. Mtoto anaporefuka upesi, msuli wa mbele wa paja hukaza. Kila akipiga shuti, msuli huo huvuta sehemu ya muundi ambayo bado haijakomaa.

Apunguze mbio na kuruka mpaka maumivu yatulie. Akitoka uwanjani, awekewe barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 10 hadi 15.

Kila siku alale chali, anyooshe goti, akaze paja na kuinua mguu shubiri moja juu ya mkeka. Ahesabu hadi tano, ashushe polepole. Arudie mara 10. Kisha asimame akishika ukuta, avute kisigino kuelekea kalioni kwa sekunde 30, bila kulazimisha.

Mtaalamu wa fiziotherapia ampime na kumwongezea mazoezi hatua kwa hatua. Akiweza kurukaruka kwa mguu huo bila maumivu, aanze kurudi uwanjani taratibu. Kinundu chenyewe huenda kikabaki, lakini kwa kawaida hakina madhara.

Akichechemea, goti likikwama au kuvimba lote, akiwa na homa, au akiumwa usiku au nyongani, mpeleke hospitalini mara moja.