Je, Mungu ndiye aliyenichagulia maumivu haya?

SAFU YA USHAURI

"Mimi ni mama wa miaka 41, mkazi wa Bukoba, Mkatoliki tangu utotoni. Nina selimundu. Tangu nikiwa mdogo sikumbuki mwaka hata mmoja uliopita bila kulazwa. Nimeongezewa damu mara nyingi, na sasa nyonga imeharibika, natembelea mkongojo. Katika jumuiya yetu nasikia mambo mawili. Wengine wanasema imani yangu ni haba, ndiyo maana siponi. Wanataka niache vidonge, niende kwenye mikesha ya maombezi. Mama mkwe wangu, ambaye ni mcha Mungu kweli na ananipenda, anasema Mungu amenichagua nibebe msalaba, hivyo nisilalamike. Ananishauri hata dawa za maumivu nizipunguze ili sadaka yangu iwe safi. Nimejaribu kumtolea Mungu mateso yangu kama tulivyofundishwa, lakini maumivu yakipanda usiku sisikii chochote, naona giza tupu. Kuna siku natamani nisiamke. Je, maumivu ya maisha yote yana maana yoyote mbele za Mungu, au ni maneno ya kutunyamazisha wagonjwa? Na binti yangu wa miaka 12 ameniuliza kwa nini Mungu anamwacha mama aumwe. Nimjibu nini?

Mgonjwa tangu utotoni, Bukoba"

Barua hii ina sentensi moja isiyoweza kusubiri zamu yake, ile ya kutamani asiamke. Basi majibu yaanzie hapo.

Mwaka 1897, katika chumba cha wagonjwa cha monasteri ya Wakarmeli mjini Lisieux, Ufaransa, mtawa wa miaka 24 alikuwa anakufa kwa kifua kikuu. Aliwaambia masista waliomwuguza kwamba kama asingekuwa na imani, angekwisha kujiua. Tena akawaonya wasiache dawa zenye sumu karibu na mgonjwa mwenye maumivu makali. Mtawa huyo ni Teresa wa Mtoto Yesu, yule yule ambaye sanamu yake yenye maua ya waridi imo katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki. Mwaka 1997 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, na maneno yale ya kitandani hayakufichwa. Aliyasema kwa sababu yalikuwa ya kweli, na kwa kuyasema aliwapa waliokuwa karibu naye nafasi ya kumlinda.

Msomaji wa Bukoba naye ayaseme kwa sauti, wiki hii, kwa mtu mmoja wa nyumbani anayemwamini na kwa daktari wa kliniki yake. Dawa kali zikae mikononi mwa mtu mwingine. Mgonjwa aliyeumwa miaka mingi huweza pia kushikwa na sonona, nayo ina tiba yake hospitalini. Kwenda kuitibu si kumkana Mungu.

Sasa yale anayoambiwa katika jumuiya. Kwamba haponi kwa sababu imani yake ni haba ni dai ambalo Injili yenyewe imelijibu. Katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Mtume Paulo naye aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, na mwiba ukabaki. Wanaomhukumu dada huyu watalazimika kumhukumu na Paulo.

Tena kuna Bernadette Soubirous. Mwaka 1858, huko Lourdes, binti huyu maskini wa miaka 14 ndiye aliyechimba kwa mikono ile chemchemi ambayo wagonjwa wa dunia nzima huiendea hadi leo. Watu walipona. Yeye aliendelea na pumu yake ya tangu utotoni, kisha kifua kikuu kikaingia kwenye mifupa ya goti, akafariki katika konventi ya Nevers mwaka 1879 akiwa na miaka 35. Hakuna aliyewahi kusema kwamba Bernadette alikosa imani.

Hoja ya mama mkwe ni nzito zaidi, kwa kuwa inatoka kwa mtu anayependa na ina chembe ya ukweli. Wamistiki wa Kikatoliki, yaani watu waliozama katika sala hadi maisha yao yote yakawa mazungumzo na Mungu, wameandika mengi juu ya mateso. Tatizo ni kwamba maandishi yao hutajwa nusu nusu. Nusu inayosahaulika ni jinsi walivyoyashughulikia maumivu yenyewe.

Teresa wa Avila, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1515, aliugua ujanani. Alipelekwa kwa mganga wa kike aliyekuwa na sifa kubwa, akanyweshwa dawa kali za kuharisha kwa miezi, akazidi kudhoofika. Mwaka 1539 alipoteza fahamu karibu siku nne na kaburi lake likachimbwa. Alipozinduka, alikaa karibu miaka mitatu bila kuweza kutembea vizuri. Mwanamke huyu baadaye alianzisha monasteri 17, akisafiri kwa mkokoteni katika joto na matope ya Hispania, na ugonjwa haukumwacha. Alipowaandikia watawa wake kanuni, aliagiza kwamba wagonjwa watunzwe kwa upendo mwingi, na kwamba ni afadhali wazima wapungukiwe na mahitaji yao kuliko wagonjwa wakose faraja. Hakuagiza mgonjwa anyimwe dawa ili sadaka yake iwe safi.

Rafiki yake, Yohane wa Msalaba, anajulikana kwa mafundisho ya usiku wa roho, yaani giza ambalo roho hulipitia njiani kuelekea kwa Mungu. Desemba 1577 alikamatwa na ndugu wa shirika lake mwenyewe waliopinga mageuzi yake, wakamfungia Toledo katika chumba chembamba ambacho zamani kilikuwa choo, chenye tundu dogo tu la mwanga. Alichapwa viboko, akalishwa chakula duni, akatungia humo baadhi ya mashairi makubwa kabisa ya lugha ya Kihispania. Na mwezi Agosti 1578, baada ya kuzilegeza polepole skrubu za kufuli, akafunganisha vipande vya blanketi, akajishusha ukutani usiku na kutoroka. Masista Wakarmeli wa mji huo wakamficha. Bwana huyu wa usiku wa roho hakubaki gerezani kwa kudhani kwamba kuteswa ni heshima kwa Mungu. Mlango ulipofunguka, alitoka.

Kanisa limefundisha vivyo hivyo kwa lugha ya kitabibu. Februari 24, 1957, Papa Pius XII aliwajibu madaktari wa usingizi waliotaka kujua kama ni halali kumpa mgonjwa dawa kali za kutuliza maumivu. Aliwaambia ni halali, na kwamba Mkristo halazimiki kukataa nafuu. Nchi jirani ya Uganda inatoa mfano ulio hai. Daktari Anne Merriman, Mwingereza aliyewahi kuwa sista mmisionari, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 akisukumwa na imani hiyo hiyo ya Kikatoliki, na dawa aliyoitilia mkazo ni mofini ya maji, ya bei nafuu, ambayo mgonjwa huinywa akiwa nyumbani kwake. Ng'ambo ya ziwa, Mwanza, Hospitali ya Rufaa ya Bugando ni ya Maaskofu Katoliki wa Tanzania. Kama maumivu yangekuwa na thamani kwa kuwa tu ni maumivu, Kanisa lisingejenga hospitali hata moja.

Basi kama daktari amemwandikia haidroksiyurea, dawa ya selimundu, isiachwe, wala vidonge vya foliki. Kipindi cha maumivu kikianza, dawa zilizoandikwa na daktari zinywewe kama zilivyoandikwa, na zikishindwa aende hospitali mapema. Mama mkwe anaweza kuelezwa kwa heshima zote kwamba Teresa wa Avila angekuwa upande wa vidonge.

Baada ya dawa kunywewa, swali la maana bado lipo, kwa sababu selimundu hairuhusu mgonjwa kuisahau. Na hapa ndipo wamistiki wanapokuwa na neno ambalo daktari hana.

Msomaji anasema anapotolea mateso yake hasikii chochote. Teresa wa Mtoto Yesu alianza kukohoa damu usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1896. Siku chache baadaye, katika majira yale yale ya Pasaka, aliingia katika giza la imani ambalo halikumtoka hadi kifo chake mwaka uliofuata. Mbingu, iliyokuwa furaha yake tangu utotoni, sasa ilikuwa kama imefichwa nyuma ya ukuta. Mama Teresa wa Kolkata aliishi hivyo karibu miaka 50, na watu wengi walilijua jambo hilo barua zake zilipochapishwa mwaka 2007. Kanisa lenyewe, katika sala ya kabla ya kulala ya kila Ijumaa, husali Zaburi ya 88, ambayo haimaliziki kwa shangwe. Neno lake la mwisho ni giza. Mapadre na watawa husali zaburi hiyo wakiwa na afya zao. Mgonjwa anayeona giza tupu saa nane ya usiku hajatoka nje ya sala ya Kanisa. Malalamiko yake yana mahali pake rasmi humo.

Ni nini basi kutolea mateso? Msingi wake ni barua ya Paulo kwa Wakolosai, 1:24, anaposema kwamba anayatimiliza katika mwili wake yaliyopungua katika mateso ya Kristo, kwa ajili ya Kanisa. Papa Yohane Paulo II aliufafanua mstari huo katika barua yake Salvifici Doloris ya Februari 11, 1984. Alikuwa amepigwa risasi Mei 13, 1981, akakaa hospitali kwa miezi, kwa hiyo aliandika juu ya kitu alichokijua mwilini. Anafundisha kwamba Kristo hampi mgonjwa maelezo ya kinadharia juu ya sababu za mateso. Anamwita amfuate, na maana hufunuka kidogo kidogo njiani, ndani ya urafiki huo. Na karibu na mwisho wake barua hiyo inamgeukia Msamaria Mwema, mtu aliyesimama akafunga majeraha. Papa aliyaweka mambo mawili pamoja: kutenda mema kwa mateso yako, na kumtendea mema anayeteseka. Jumuiya inayomhubiria mgonjwa jambo la kwanza bila kumfanyia la pili imeisoma nusu ya barua.

Kutolea, kwa hiyo, ni tendo la hiari la mgonjwa mwenyewe. Hakuna anayeweza kumtolea mwingine maumivu yake, wala kumwamuru ayatoe. Halimtaki ayapende maumivu wala ayashukuru. Mgonjwa anasema tu kwamba saa hii mbaya isiwe yangu peke yangu, iunganishwe na ya Yesu, na kama inaweza kumfaa mtu fulani, imfae. Anaweza kumtaja mtu huyo kwa jina. Maumivu yakiwa makali mno, jina la Yesu peke yake linatosha, na asipoweza hata hilo, walio karibu wasali kwa niaba yake.

Tena tendo hilo halifuti kumbukumbu ya mateso. Josephine Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa, akachanjwa mwilini kwa kisu na chumvi ikasuguliwa katika majeraha. Mahakama ya Venice ilimthibitisha kuwa mtu huru mwaka 1889, akabatizwa Januari 1890, akawa sista wa shirika la Wakanosa. Watu wa Schio, Italia, walimpenda kwa tabasamu na upole wake. Lakini alipokuwa anakufa, Februari 1947, fahamu zilimrudisha utumwani, akamwomba muuguzi amlegezee minyororo kwa kuwa ilikuwa mizito. Miaka zaidi ya 50 ya sala haikuwa imeyaondoa yaliyompata. Ilikuwa imempa Mungu wa kukaa naye ndani ya kumbukumbu hizo, ambaye Bakhita mwenyewe alipenda kumwita Bwana wake. Utakatifu wake haukumtaka ajifanye hakuumizwa.

Kuna hatua moja ya karibu. Msomaji amwone paroko, aombe Mpako wa Wagonjwa. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano sakramenti hii si ya wanaokata roho tu. Ni ya kila mwenye ugonjwa mzito, na inaweza kurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya au kabla ya upasuaji, kwa mfano kama nyonga itahitaji kufanyiwa. Kama kanisa ni mbali kwa mkongojo, kuletewa Komunyo nyumbani ni haki yake ya kawaida kama mgonjwa, na kumpelekea taarifa katekista ni kazi ambayo jumuiya inaweza kupewa badala ya kumpangia mikesha.

Limebaki swali la binti, lenye nusu mbili. Kwa nini Mungu anaruhusu, mama anaweza kumjibu kwamba hajui, na asione haya. Katika sura ya mwisho ya kitabu cha Ayubu, Mungu anawakasirikia marafiki waliokuwa na maelezo kamili ya mateso ya mwenzao, na kumsifu Ayubu aliyelalamika.

Kwa nini mama anaumwa, hilo lina jibu, na mtoto wa miaka 12 anaweza kulielewa. Mama alirithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Mwenye kinasaba kimoja huwa haugui, na hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hicho kimeenea sana maeneo yenye malaria nyingi kama Kanda ya Ziwa. Hakuna laana wala adhabu humo. Binti naye lazima amerithi kimoja kutoka kwa mama yake. Kama hajawahi kupimwa, apimwe sasa ili ijulikane kama alipata na cha pili kwa baba, na akifikia umri wa kuchumbiwa, mchumba wake apimwe kabla ya ndoa.