SOMO LA MWEZI: Gari la Kikundi Likilia Likiwa Limesimama

Mwethya wetu hapa Machakos tumeuzoea wa majembe na makarai: kuchimba matuta, kujenga mabwawa ya mchanga. Vikundi vingine sasa vimepiga hatua, vimenunua pikapu ya kubeba maembe na mitungi ya maji. Ni jambo jema. Lakini gari lina tabia yake: kabla ya kuharibika, mara nyingi hulia.

Kikundi kimoja tunachokijua, upande wa Masii, kiliweka akiba kwa miaka mingi kikanunua pikapu kuukuu. Asubuhi moja ya soko, gari likipakiwa, dereva akasikia injini ikigonga ta-ta-ta. Akamwambia mwekahazina. Jibu likawa, "Twende tu, tutaangalia jioni." Mjini hawakufika. Taa nyekundu ya oili iliwaka njiani, wakaendelea, na injini ikanoki. Fundi alipochomoa kijiti cha oili, kilitoka kikavu. Sisi pia tulikuwa ndani ya gari hilo, tulisikia ule mlio, na hatukusema neno. Ndiyo sababu tunaandika somo hili.

KABLA YA KUSIKILIZA

Egesha gari nje, mahali tambarare. Usiwashe injini ndani ya stoo iliyofungwa, kwa maana moshi wake una sumu isiyo na harufu na huua. Weka gia niutro, vuta handibreki, zuia magurudumu kwa mawe. Kina mama wakaze leso, na mikono ya mashati isining'inie. Kaa mbali na feni na mkanda wake. Rediata ikiwa moto, usifungue kifuniko.

HATUA TATU

1. Anza na oili. Zima injini, ngoja kama dakika 5. Chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe, kisha kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipungua, ongeza ya aina ileile, lakini usipite alama ya juu. Ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, huenda maji yameingia: usiwashe, ita fundi.

2. Uliza ni wakati gani. Mlio unakuja asubuhi injini ikiwa baridi, au ikishapata moto? Ukikanyaga mafuta unaongezeka? Ukikanyaga klachi unabadilika? Kama unabadilika, basi shida pengine iko kwenye klachi au giaboksi, si injini. Andika haya yote katika daftari la gari.

3. Tafuta mahali. Chukua kipande cha mpira wa maji, weka ncha moja sikioni, na nyingine isogeze karibu na sehemu mbalimbali za injini bila kugusa kitu kinachozunguka. Ni kama daktari anavyosikiliza kifua.

MLIO UNASEMA NINI?

Mlio mkali kama filimbi, upande wa mkanda: mkanda umelegea au umechakaa. Zima injini uangalie kama umepasuka au unang'aa. Kukaza au kubadilisha ni kazi ndogo.

Kunguruma kama kinu, upande huohuo: huenda ni beringi ya alternata au ya pampu ya maji. Fundi anaweza kutoa mkanda wa nje na kuwasha injini kwa muda usiozidi dakika moja. Kelele ikiisha, ubaya uko kwenye vitu vinavyozungushwa na mkanda huo. Si lazima injini ifunguliwe.

Ta-ta-ta nyepesi, juu ya injini: oili imepungua, au tapeti zinataka kupimwa. Lakini gasketi ya bomba la moshi ikivuja hutoa sauti inayofanana, hasa injini ikiwa baridi. Tazama kama kuna masizi meusi kwenye maungio.

Mlio wa bati linalotikisika: mara nyingi ni lile bati la kukinga joto la bomba la moshi. Ngoja lipoe, kaza nati.

Gari zima linatetemeka: plagi moja haiwaki vizuri, au mauntingi za injini zimekufa.

Du-du-du nzito, chini ya injini, au taa ya oili inawaka: ZIMA MARA MOJA. Usiendeshe hata kilomita moja. Kulivuta gari ni gharama, lakini injini nyingine ni gharama kubwa zaidi.

Wenye gari la dizeli wajue kwamba dizeli hugonga kiasi, hasa asubuhi. Ninyi sikilizeni mabadiliko: jana ililiaje, leo inaliaje?

KWA FUNDI

Usimwambie fundi, "Angalia tu injini." Hapo umempa kitabu cha hundi. Mwambie: "Inalia mbele, asubuhi tu, na oili tumepima." Akibadilisha kitu, aombwe arudishe kile cha zamani, mkione kwenye mkutano.

Na jambo kubwa kuliko spana: kubalianeni kwamba dereva akisema gari lisimame, linasimama, hata siku ya soko. Liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, nani hupima oili, na siku gani?
2. Dereva wetu ana uwezo wa kusimamisha gari bila kulaumiwa?
3. Kila safari tunaweka kando kiasi gani cha matengenezo?
4. Kama tungekuwa ndani ya ile pikapu, nani kati yetu angesema?